Lori Letu, Injini ya Nani?

Ndugu zetu wa Shinyanga, Kahama na Geita, hebu yatazameni malori yapitayo barabarani. Hili limebeba pamba kwenda kinuni, lile limebeba mawe ya dhahabu kutoka Nyarugusu kwenda kusagwa. Watu huuliza bei. Sisi tunauliza: injini yake kaitengeneza nani, na ikifa, spea zitatoka wapi?

Viwanda vikubwa, kama Scania ya Sweden, hutengeneza injini zao wenyewe. Ni injini nzuri, hatubishi. Lakini aliyenunua lori lao amenunua na injini yao, na spea zao, wala hakuulizwa. Kiwanda kidogo hakina fedha za kusubu injini. Basi hununua injini kwa watengenezaji wa injini, kisha humwambia mteja: chagua.

Ndivyo ilivyofanya ERF ya Uingereza. Mwaka 1933 E. R. Foden, aliyeiacha kampuni ya ukoo wake iliyong'ang'ania magari ya mvuke, alitoa lori lake mwenyewe mjini Sandbach, ndani yake injini ya dizeli ya Gardner. Miaka ya baadaye mnunuzi aliweza kutaka Gardner, au Cummins, au Rolls-Royce, kwa kadiri ya mzigo wake na njia yake. Mwenye Cummins katika gari la jina jingine hakuwa na haja ya kutafuta fundi mpya. Fundi wake ni yule yule, na spea zake ni zile zile. Hapo ndipo mdogo alipomshika mkubwa shati! Mwaka 2000 kampuni iliingia mikononi mwa MAN ya Ujerumani, mwenye injini zake; kufika 2007 hata jina la ERF likawa limekufa.

Nasi tuna Kibaha. Huko TAMCO iliunganisha malori ya Scania, na huko ndiko kiliko Nyumbu, kituo cha jeshi kilichojaribu kuunda lori la Kitanzania. Wapo wasemao kwamba nchi isiyosubu injini haina haki ya kujivunia lori. Maneno hayo ni ya kuvunja watu moyo. Foden alianza na injini ya kununua, na hakuna aliyemwambia lori si lake.

Lakini mnunuzi naye ana kazi yake. Chama cha ushirika kitakachokwenda kununua lori kisidanganyike na rangi. Kimwulize muuzaji kwanza: spea za injini hii, Kahama zipo?