Wimbo wa Ng'ambo Usipitishwe London

Jamani, kuna ugonjwa umetuingia sisi vijana tunaojiita watafsiri, na leo simpaki mtu mafuta kwa mgongo wa chupa. Tunakaa Kigoma. Ng'ambo ya ziwa ni Kalemie na Uvira, kaskazini Bujumbura. Pale Kibirizi, au soko la Ujiji, hukosi mtu anayejua Kifaransa, Kilingala na Kiswahili. Halafu kijana akitaka kutuletea wimbo wa Kifaransa, anatafuta kwanza tafsiri ya Kiingereza! Kwani Mwingereza kaingiaje hapa?

Chukueni "Ne me quitte pas" wa Mbelgiji Jacques Brel, wa mwaka 1959. Jina lenyewe ni ombi: usiniache. Mtu kapiga magoti. Rod McKuen alipouandika kwa Kiingereza akauita "If You Go Away", yaani ukiondoka. Ombi limegeuka sharti. McKuen simlaumu, alitengeneza wimbo wake na watu wakaupenda. Lakini wewe wa Mwanga unayemtafsiri McKuen halafu unatuambia ni Brel, unatuuzia kivuli cha kivuli.

Tena Kifaransa kina "vous" ya heshima na "tu" ya karibu. Mwimbaji akianza na "vous" akaishia na "tu", uchumba mzima umepita hapo katikati. Kiingereza cha leo kina "you", basi. Sisi tungeweza kuanza na "bibie" tukamalizia na "wewe" kavu. Ukipitia Kiingereza, hata hujui kama kuna kitu kimepotea.

Wenzangu hunijibu eti Kiswahili hakikai katika muziki wa Kifaransa. Nusu ya hoja wanayo. Mfaransa hukaza silabi ya mwisho, sisi ya pili kutoka mwisho. Ukivuta noti ya mwisho juu ya "moyo" unapata "moyooo", kituko kitupu. Sawa, lihamishe neno, lipange upya, utoke jasho! Maneno yetu karibu yote huishia na irabu, mwimbaji anavuta atakavyo. Nani kasema kazi hii ni ya kufanywa jioni moja na kamusi?

Na Kilingala je? Franco alipotoa "Mario" mwaka 1985, habari ya kijana anayelelewa na mwanamke aliyemzidi umri, hakuna aliyesubiri London itafsiri. Watanzania walilichukua jina zima zima, na leo "marioo" ni neno letu.

Kinachoniuma hasa ni hiki. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996, na Wakongo waliopita huko, wengi walisomea Kifaransa. Tunawaita wakimbizi, hatuwaiti walimu. Tunanunua dagaa kwao, hatuwaulizi neno moja!

Basi Mhariri, nakuomba: kila tafsiri utakayochapa, iandikwe imetoka lugha gani. Kama ni Kiingereza, isemwe wazi. Yangu nitaileta toleo lijalo. Nimekaa nayo na mzee mmoja wa Katonga aliyesomea Bukavu, na kanifutia nusu ya mistari. Mkiiona mbovu, ipondeni.