Karamu ya Baharini na Jamaa Walioachwa Bara

Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wake Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya haya.

Ndugu msomaji, katika majumba yetu ya pwani kumezuka fikra mpya kuhusu namna ya kuwakutanisha jamaa. Nazungumzia khasa zile koo ambazo asili yao ni Tabora na njia ya zamani ya misafara, na ambazo leo watoto wake wamo Dar es Salaam, Unguja, Mombasa, Masqat, Dubai na London. Vijana wenye uwezo hushauriana kwa simu, kisha hutoa rai: jamaa wote tukutane katika meli ya anasa, tuizunguke Ghuba siku saba, tule, tupige picha za pamoja, kisha kila mmoja arudi kwake. Mipango ya namna hii huletwa kwetu masheikh tuiombee dua. Mimi dua naiomba, lakini ni dua ya kuwa Mwenyezi Mungu awageuze nyoyo. Sababu zangu nitazieleza hapa wazi, ili anayetaka kuzijibu azijibu.

Kwanza niondoe dhana mbaya. Sisemi kuwa kupanda meli ni haramu. Qur'ani Tukufu imeitaja meli mara nyingi kuwa ni katika ishara na neema za Mola, na babu zetu waliishi kwa jahazi. Sala ndani ya chombo inasihi: anayeweza kusimama husimama, na chombo kikigeuka, mwenye kusali hugeukia kibla kadiri awezavyo. Wala sitaitegemea hoja ya mabaa na meza za kamari, ijapokuwa zimo katika meli nyingi za aina hiyo, na ijapokuwa hoja hiyo peke yake yaweza kumtosha mwenye taqwa. Najua nitajibiwa, "Sheikh, sisi hatutakaribia huko." Haya, nakubali kuwa hamtakaribia. Swali langu ni jingine kabisa: katika meli hiyo, ni nani atakayekosekana?

Tuitazame meli yenyewe. Hizi ni sawa na miji inayoelea. Iliyo kubwa kati yao kama Icon of the Seas, iliyoanza kuchukua abiria Januari 2024, ina nafasi ya abiria wapatao 7,600, mbali na mabaharia na watumishi. Katika meli kama hizi nauli huhesabiwa kwa kichwa, kwa kawaida watu wawili chumba kimoja, na anayelala peke yake hutozwa zaidi. Arbuni hulipwa miezi mingi kabla ya safari. Safari ikipita nchi mbalimbali, kila abiria hutakiwa pasipoti, na mwenye pasipoti ya nchi zetu mara nyingi hutakiwa na viza pia. Na saa ya kung'oa nanga ikifika, meli haimngojei mtu.

Sasa mchukueni bibi kizee aliyebaki Isevya, pale Tabora mjini, mwenye miaka 80 na zaidi, macho hayaoni vizuri, na kuzaliwa kwake hakukuandikwa katika karatasi yoyote. Mchukueni na ami anayelima tumbaku Urambo, na binamu anayeuza dagaa Ujiji. Pasipoti ya kielektroniki ilipoanzishwa Tanzania mwaka 2018, ada yake iliwekwa shilingi 150,000, na hiyo ni ada ya kitabu tu, hajafika bandarini, hajalala usiku mmoja. Hakuna katika nyinyi aliyekaa kitako akasema, "Tuwatupe maskini wetu." Hakuna haja ya kusema. Mmechagua mahali ambapo maskini hawezi kufika, basi mahali penyewe pamewatupa kwa niaba yenu, na nyinyi mnabaki na ulimi mtamu.

Katika Hadithi iliyomo ndani ya Bukhari na Muslim, kutoka kwa Abu Hurayra, imekuja maana ya kuwa chakula kiovu kuliko vyote ni chakula cha walima wanachoitiwa matajiri wakaachwa mafakiri. Tafakari, ewe ndugu. Walima ni sunna, na chakula chake ni halali, lakini kimepata sifa hiyo mbaya kwa ajili ya orodha ya walioalikwa. Ikiwa hali ni hii kwa fakiri wa mtaani, itakuwaje kwa fakiri ambaye ni dada wa mama yako?

Hapa ndipo lilipo jambo ambalo watu hawapendi kuligusa, nami nitaligusa. Orodha za mikutano hii huanzia wapi na kuishia wapi? Tabora, ambayo wasafiri wa zamani waliiita Kazeh, katika nchi ya Unyanyembe, ilikuwa njia panda ya misafara iliyotoka Bagamoyo: wengine waliendelea magharibi hadi Ujiji, wengine waligeukia kaskazini. Mababu walipofika huko hawakuishi peke yao. Muhammad bin Juma, baba yake Hamed bin Muhammad el-Murjebi anayejulikana kwa jina la Tippu Tip, alimwoa Karunde, binti wa mtemi Fundikira wa Unyanyembe. Huyo ni mmoja aliyeandikwa. Wasioandikwa ni wengi. Walioa Wanyamwezi, walioa Wamanyema, na wengi waliweka masuria. Njia hiyo ilipitisha pembe za ndovu na ilipitisha binadamu katika minyororo. Tangu mwaka 2006 imo katika orodha ya awali ya UNESCO kwa ajili ya historia hiyo, wala haifai Mwislamu kuifunika kwa kanzu nyeupe.

Basi zipo nyumba ambamo mpaka leo hunong'onwa, "Wale ni upande wa suria, hawamo." Tena hunena hivyo watu wasomi! Sheria ya Kiislamu inasema nini? Mtoto ambaye bwana amemkubali kuwa ni wake kwa suria ni mtoto huru, nasaba yake ni ya baba yake, na anarithi sawasawa na ndugu zake waliozaliwa na mke wa ndoa. Mama yake haruhusiwi kuuzwa tena, na bwana akifa yeye huwa huru. Hayo ni maneno ya mafakihi wetu, yamo katika vitabu tunavyovisomesha. Amri ya mwaka 1897 iliyofuta utumwa Unguja iliwaacha masuria nje mpaka mwaka 1909, na Tanganyika utumwa ulifutwa kwa sheria ya mwaka 1922. Lakini nasaba ya watoto haikungoja amri ya serikali yoyote. Ilithibiti tangu siku waliyozaliwa. Anayemkata leo mjukuu wa suria hamkati mtumwa, anamkata mjukuu wa babu yake mwenyewe. Na wapo tena walionyonyeshwa ziwa moja katika nyumba zile. Hao hawarithiani, lakini undugu wa kunyonya si mchezo katika dini yetu.

Nitaambiwa, "Wale walioko Tabora tutawapelekea pesa." Pelekeni, na Mungu awalipe. Mtume (S.A.W.) ametufunza kuwa sadaka kwa maskini ni sadaka, na kwa jamaa ni mambo mawili: sadaka na kuunga udugu. Lakini kumtumia shangazi pesa kwa simu ili usimwalike, hiyo ni bei ya kumnyamazisha. Tena ametufunza kuwa mwenye kuunga jamaa wa kweli si yule anayelipa wema kwa wema, bali ni yule anayeunga anapokatwa. Ndani ya meli mtakutana nyinyi ambao hamjakatana: mnazungumza kila siku kwa simu, mnatembeleana Masqat na London. Mnaunga kitu gani hapo? Uzi uliokatika uko bara.

Wengine watasema Tabora ni mbali, na watoto hawatapenda. Subhanallah! Burton na Speke waliondoka pwani mwezi wa Juni 1857 wakafika Kazeh Novemba, na wapagazi wa Kinyamwezi waliipita njia hiyo kwa miguu, mtu na mzigo wa karibu frasila mbili begani. Reli ya kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Leo kuna treni, kuna basi, kuna ndege. Mtoto aliyelelewa London akipelekwa Kwihara, akaliona tembe alilokaa Livingstone mwaka 1872, akaiona miembe ya njia ya misafara, akala matobolwa kwa karanga na asali ya miombo, akaambiwa, "Kaburi hili ni la mama wa babu yako," huyo atakuwa amepata kitu ambacho hakiuzwi katika duka la melini.

Na anayesema moyo wake hautulii bila meli, nitamkumbusha meli ya njia hiyo hiyo. Wajerumani waliijenga Papenburg mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa kwa makasha mpaka Kigoma, ikashushwa ziwani mwaka 1915 kwa jina la Graf von Götzen. Wenyewe wakaizamisha Julai 1916. Ikainuliwa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini ikiitwa Liemba. Kwa miaka mingi watu wa Ziwa Tanganyika waliipanda pamoja na magunia yao ya mchele na dagaa, wakienda arusini na matangani. Ile iliunga jamaa kwa sababu ilikuwa na daraja la tatu. Mwenye haja ya maji basi, baada ya Tabora ashuke na jamaa zake mpaka Ujiji, wapande mashua, wavuke alasiri moja, wote pamoja, na bibi akiwemo.

Sipendi kubomoa bila kujenga. Tuseme jamaa 40 wa nje kila mmoja ametenga dola 1,000 kwa ajili ya meli hiyo. Hizo ni dola 40,000. Wakutane Tabora katika likizo ya watoto, baada ya Idi. Wenye uwezo wawalipie nauli walioko Urambo, Ujiji na vijijini, wala wasiwatangazie. Siku ya kwanza isomwe khitma na wazuriwe waliotangulia. Siku ya pili wazee wakae, na kijana mmoja mwenye hati nzuri aandike shajara ya ukoo, matawi yote, ya wake na ya masuria. Maana tumeamrishwa kuzijua nasaba zetu kiasi cha kuweza kuungana kwazo. Siku ya tatu yafunguliwe mas-ala ya mirathi: zile nyumba na viwanja ambavyo havijagawanywa tangu babu alipofariki, na ambavyo mmoja anavila peke yake kwa kisingizio cha kuvilinda. Kitakachobaki katika fedha kiwekwe katika mfuko wa ukoo wa kusomesha mayatima, chini ya waaminifu watatu, na hesabu isomwe kila mwaka mbele ya watu.

Najua kwa nini siku hiyo ya tatu inaogopwa. Melini hakuna wa kuuliza habari za kiwanja cha Gongoni, wala hakuna wa kusema, "Mimi pia ni mtoto wa nyumba hii." Pengine raha ya bahari inayotafutwa ni hiyo.

Enyi wazazi na enyi wanangu, Mwenyezi Mungu katika aya ya kwanza ya Suratun-Nisaa ametuamrisha tumche Yeye na tuwachunge jamaa, akayataja mawili hayo pamoja. Majina ya wahenga wa upande wa bara wanayo wazee wachache, na kila msimu wa mvua mmoja wao anazikwa nayo. Kabla hamjalipa arbuni, pigeni simu Tabora. Mwulizeni aliye mkubwa kuliko wote angependa jamaa wakutane wapi. Akisema baharini, nami nitanyamaza.

Wabillahi tawfiq.