Viatu vyenye chuma: mtoto ametembea, lakini usiku bado

Alhamisi, tulipomaliza kuhesabu pesa za likelemba, mama mmoja wa kikundi chetu alibaki nyuma na mtoto wake wa miaka miwili. Akamvua shoseti, akatuonyesha mguu wa kushoto. Mguu ule mwaka jana tuliuona umenyooka kabisa, tukapiga hata vigelegele. Sasa kisigino kimeanza kupanda tena na vidole vinaangalia ndani. Akasema: «Alianza kutembea vizuri, nikafikiri kazi imeisha. Viatu niliviweka chini ya kitanda.»

Hatukumgombeza. Wengi wetu tungefanya vile vile.

Karibu mtoto mmoja kwa kila elfu moja anazaliwa na mguu uliopinda ndani, ule waganga wanaita piebo. Si laana, na si kwa sababu mama alimcheka kilema wakati wa mimba. Dokta Ignacio Ponseti, Mhispania aliyefanya kazi Iowa kule Marekani, ndiye aliyeonyesha kwamba mguu wa mtoto mchanga unaweza kurudishwa kwa mikono na plasta, bila upasuaji mkubwa. Plasta inabadilishwa kila juma, mara nyingi tano mpaka saba. Watoto wengi wanakatwa kidogo mshipa mgumu wa nyuma ya kisigino, wanakaa na plasta ya mwisho majuma matatu, kisha wanapewa viatu viwili vilivyounganishwa na chuma.

Hapo ndipo wengi tunakosea. Plasta ndiyo inanyoosha, viatu vinashikilia. Mguu wa mtoto unakua haraka, na ile mishipa iliyokuwa inavuta ndani inaendelea kuvuta miaka mingi. Kutembea mchana hakuzuii jambo hilo. Kwa hiyo miezi mitatu ya kwanza mtoto anavaa saa 23 kwa siku, saa moja inabaki ya kuoga na kucheza. Baadaye anavaa usiku na wakati wa kulala mchana, mpaka afikishe miaka minne au mitano. Ndiyo, minne au mitano! Hata kama ni mguu mmoja uliopinda, anavaa vyote viwili, maana chuma kinahitaji mguu wa pili ili kiushike ule mgonjwa.

Miezi mitatu ile ni migumu, tuseme ukweli. Kwa sababu ya chuma huwezi kumfunga mtoto mgongoni na kikwembe, unambeba mbele ukienda sokoni, na watu wanauliza. Usiku wa kwanza na wa pili analia. Bibi yake anasema mnamtesa mtoto, anavifungua. Mama, usimvue kwa sababu ya kilio tu. Akijifunza kwamba kilio kinaleta kuvuliwa, atalia kila usiku. Shika chuma, kunja magoti yake yote mawili, yanyooshe, rudia kama mchezo. Analia kwa sababu anataka kupiga teke na mguu mmoja na hawezi. Akielewa kwamba miguu inakwenda pamoja, anatulia. Na bibi mweleze kabla, si baada ya kugombana.

Kuvalisha: shoseti ya pamba isiyo na mikunjo. Kunja goti, sukuma kisigino mpaka chini kabisa, kisha kaza vizuri. Vile viatu vya ngozi vya Steenbeek, vilivyoanzia Uganda, vina kitundu nyuma: chungulia, ukiona kisigino kimeshuka, ni sawa. Usipokiona, fungua uanze tena. Tazama pia vidole. Vikibadilika rangi au vikiwa baridi, umekaza mno.

Wekundu unaopotea haraka usikutishe. Lakini lengelenge kisiginoni lina maana mguu unateleza ndani. Sisi wamama tukiona lengelenge tunalegeza kamba, na hapo mguu unateleza zaidi! Kisigino kishuke, kamba ikazwe vizuri, na usipake mafuta pale, yanalainisha ngozi ichubuke haraka. Kidonda kikiwa wazi, nenda kituoni bila kungoja tarehe yako.

Viatu vyenyewe havitaki mambo mengi. Futa ngozi kwa kitambaa chenye maji kidogo, usiviloweke. Kausha kivulini, mbali na mbabula, maana ngozi iliyokaangwa inapasuka na kumkwaruza mtoto. Shoseti fua kila siku. Kila juma tikisa chuma uone kama skurubu zimelegea. Vidole vikianza kupita ukingo wa mbele, viatu vimekuwa vidogo. Usikate mbele, na fundi wa viatu wa njiani asikunje chuma: kila mguu umepimiwa upande wake. Kwa sababu hiyo hiyo usimpe jirani viatu vya mtoto wako. Virudishe kituoni.

Bukavu kuna Heri Kwetu, Goma kuna Shirika la Umoja. Vituo hivyo vinajulikana kwa kusaidia watoto wenye ulemavu. Mwenye mtoto asiyejua aanzie wapi aulize huko.

Mama yetu anarudi na mtoto Jumatatu. Mguu ukirudi nyuma mapema, mara nyingi unaanzishwa tena na plasta chache, kisha viatu tena. Alikuwa anaona haya kwenda, alifikiri watamkaripia. Wawili kati yetu watamsindikiza, na zamu yake ya likelemba tumeisogeza mbele kwa ajili ya safari. Mwenye shoseti za pamba za mtoto wa miaka miwili, azilete kabla ya Jumatatu.