Kanuni Bila Sababu Katika Ufundishaji wa Hisabati

Walimu wa shule za sekondari hulalamika mara kwa mara kwamba wanafunzi wanaowapokea katika kidato cha kwanza hawajui Hisabati. Walimu wa shule za msingi nao hujibu kwamba watoto hao walifaulu mtihani wao, na kama wameharibika, basi wameharibikia huko huko waliko sasa. Katika mabishano hayo anayepotea ni mtoto. Katika mtihani wa kidato cha nne wa mwaka 2023, takriban robo tu ya watahiniwa wa Tanzania ndio waliofaulu somo hili. Anayelishindwa hufungiwa milango mingi, kama vile uhandisi, uhasibu na masomo mengi ya sayansi. Sisi tunaofundisha katika chuo cha ualimu tunapenda kutoa maoni yetu juu ya jambo hili, nayo yanawahusu ninyi wanachuo mnaojiandaa kufundisha shule za msingi zaidi kuliko yanavyowahusu wenzetu wa sekondari.

Maoni yetu ni kwamba sehemu kubwa ya kushindwa huko huanza pale mwalimu wa shule ya msingi anapompa mtoto kanuni bila sababu yake. Kanuni ya namna hiyo hufanya kazi kwa miaka michache, kisha huanguka. Inapoanguka, aghalabu mtoto yuko mbali na yule aliyemfundisha, wala hana wa kumwuliza.

Tutoe mfano. Tulikwenda katika shule moja ya msingi kumtazama mwanachuo wetu aliyekuwa katika mazoezi ya kufundisha, darasa la tano. Ubaoni palikuwa na swali hili: 10 − 4 + 3. Watoto wengi waliandika 3, wachache wakaandika 9. Mwanachuo wetu aliwapa alama ya vema waliopata 3, na wale wa 9 akawapa alama ya kosa. Sababu yake ilikuwa neno ambalo kila mmoja wetu analijua, yaani MAGAZIJUTO: Mabano, Gawanya, Zidisha, Jumlisha, Toa. Kwa kuwa JU imetangulia TO, watoto walijumlisha 4 na 3 kwanza, wakapata 7, kisha wakaitoa 7 katika 10.

Baada ya kipindi tulimwita mtoto mmoja miongoni mwa waliopata 3, tukamwuliza: mama ana machungwa kumi, ameuza manne, kisha ameletewa matatu, sasa anayo mangapi? Akajibu bila kusita, "Tisa." Tukamwonyesha daftari lake na kumwuliza jibu lipi ni sahihi. Akafikiri kidogo, akasema, "Tisa ni ya machungwa, mwalimu. Tatu ni ya hesabu."

Hatukumcheka mtoto yule, wala hatukumlaumu mwanachuo. Nasi tulipokuwa walimu wa shule ya msingi tuliliimbisha neno hilo kwa makofi, na hatukumweleza mtoto hata mmoja kwamba kujumlisha na kutoa ni matendo ya daraja moja, ambayo hufanywa kwa kufuatana kutoka kushoto kwenda kulia. Kuzidisha na kugawanya nayo ni hivyo hivyo. Lakini jibu la mtoto lilituonyesha madhara yalivyo makubwa. Alikuwa na akili timamu ya kuhesabu, na alikuwa amejifunza shuleni kwamba akili hiyo haihitajiki katika somo la Hisabati. Mtoto aliyeamini hivyo hawezi kugundua kosa lake mwenyewe, kwa maana hana kitu cha kulipimia jibu alilolipata.

Kanuni za namna hii ziko nyingi. Tunawaambia watoto wa madarasa ya chini kwamba kuzidisha kwa kumi ni kuongeza sifuri mwishoni. Ni kweli kwa 25, ambayo huwa 250. Lakini mtoto huyo huyo akikutana na 2.5 × 10 huandika 2.50, yaani baada ya kazi yote hiyo namba yake haikukua hata kidogo. Laiti angalielezwa tangu mwanzo kwamba kila tarakimu inahama nafasi moja, mamoja yakawa makumi na makumi yakawa mamia, na kwamba sifuri huja tu kujaza nafasi iliyoachwa wazi! Hapo desimali isingalimtisha. Aidha, anayejua kwamba mifuko kumi ya sukari, kila mmoja kilo mbili na nusu, ni kilo ishirini na tano, hawezi kuridhika na 2.50 kama amezoeshwa kuuliza jibu lake lina maana gani.

Kanuni ya tatu haitamkwi na mwalimu yeyote, bali mtoto huiokota mwenyewe kutokana na mazoezi tunayompa. Nayo ni kwamba alama ya = maana yake ni "andika jibu hapa." Mwanachuo anayetaka kuhakikisha na awape watoto swali hili: 8 + 4 = __ + 5. Wengi watajaza 12, na wengine 17. Ni wachache watakaojaza 7. Sababu ni kwamba tumewapa mamia ya maswali ambayo jibu liko peke yake upande wa kulia, na hatukuwaonyesha kwamba alama hiyo ni kama mizani ya sokoni, ambayo husimama sawa pale tu uzito wa pande zote mbili unapolingana. Mtoto huyo akifika sekondari na kukutana na x + 5 = 12, huambiwa kwamba 5 ikivuka upande wa pili hubadilisha alama. Yeye hujiuliza kwa nini namba ibadilike kwa kuvuka tu, na akikosa jibu hukariri. Kumbe mwenye mizani kichwani angeondoa 5 pande zote mbili, mizani ikabaki sawa, na x ikaonekana wazi kuwa ni 7.

Katika nchi yetu jambo hili lina uzito wa pekee kwa sababu ya lugha. Tangu mwaka 1967 Kiswahili ndicho lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali, na mwanafunzi akiingia sekondari hufundishwa kwa Kiingereza. Mtoto anayejua asili na kiasi cha sehemu ni nini, na kwa nini 1/2 na 1/3 haziwezi kujumlishwa kabla ya kugawanywa katika vipande vinavyolingana, akifika kidato cha kwanza hudaiwa majina mapya tu. Maana anayo tayari, na majina atayajifunza. Lakini yule aliyebeba maneno ya kanuni bila maana hupoteza vyote kwa siku moja. MAGAZIJUTO yake haina kazi tena. Hukabidhiwa neno jingine la namna ile ile, BODMAS, ambalo nalo hutanguliza kujumlisha mbele ya kutoa, na hivyo humwingiza katika shimo lile lile kwa lugha nyingine. Hivyo miaka ya shule ya msingi ndiyo miaka ambayo mtoto hupewa nafasi ya kufikiri Hisabati kwa lugha anayoimudu. Tukiipoteza nafasi hiyo kwa kumkaririsha, hairudi.

Wapo watakaosema kwamba jambo hili lilikwisha kujaribiwa likashindikana. Watatukumbusha kuwa mwaka 1962 wataalamu walikutana Entebbe, Uganda, wakaanza kuandika vitabu vya "Hisabati za Kisasa," vilivyokusudia mwanafunzi aelewe sababu za anachofanya, na kwamba baadaye Afrika Mashariki iliviacha vitabu hivyo. Ni kweli. Lakini kwa maoni yetu kuelewa hakukuwa ndiko kosa. Kitabu peke yake hakiwezi kumpa mtoto sababu ambayo mwalimu wake hakupewa. Seti na alama zake nazo zikikaririwa huwa ni MAGAZIJUTO nyingine.

Wengine watasema kwamba darasa lina watoto themanini au zaidi, kwamba muhtasari ni mrefu, na kwamba katika maswali ya kuchagua hakuna anayeulizwa sababu. Hoja hizi hatuzidharau, kwa kuwa tumesimama katika madarasa hayo hayo. Hata hivyo, kuwasimulia watoto themanini habari ya machungwa kumi huchukua dakika zile zile ambazo ingechukua kuwasimulia kumi. Na mwalimu anayekwepa kutumia nusu kipindi kueleza sababu hulazimika kulirudia somo hilo kila muhula, naye huiacha kazi iliyobaki kwa mwalimu wa sekondari ambaye hana muda nayo. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta.

Yatupasa basi kufanya nini? Tunapendekeza kwamba mwanachuo anapoandika andalio la somo la Hisabati, kila penye kanuni aandike mambo mawili pembeni yake. La kwanza ni sababu ya kanuni hiyo kwa maneno yake mwenyewe. La pili ni mahali inapokoma kuwa kweli. Akishindwa kuandika la kwanza, na asiingie darasani kabla hajamwuliza mwenzake au mkufunzi. Kuuliza si aibu. Wengi wetu tuliingia chuoni tukiwa na hofu ya somo hili, na hofu hiyo ilitokana na kanuni tulizopewa bila sababu. Kisha somo na lianze na tukio ambalo watoto wanalijua, liwe la soko, shamba au maji ya bombani. Watoto wenyewe waitafute kanuni, na mwalimu aiandike ubaoni mwisho wa kipindi badala ya mwanzo.

Tukisahihisha, tusitosheke na vema na kosa. Mtoto aliyekosa aulizwe amefikaje hapo, na aliyepata naye aulizwe vile vile, kwa maana jibu sahihi laweza kuwa limepatikana kwa kanuni itakayomwangusha miaka miwili baadaye.

Wanachuo watakaomaliza mwaka huu watakabidhiwa madarasa, na katika kila darasa atakuwapo mtoto mwenye majibu mawili, moja la machungwa na moja la hesabu. Kazi ya mwalimu wa Hisabati wa shule ya msingi ni kuhakikisha kwamba mtoto huyo anaondoka akiwa na jibu moja.