Mawe ya Urani si Mapambo

Katika vifusi vya migodi ya zamani hupatikana mawe ya kupendeza mno: ya manjano, ya rangi ya chungwa, na ya kijani. Baadhi yake yana urani. Ulaya na Marekani wapo watu wanaoyakusanya, na mawe ya Shinkolobwe, katika eneo la Katanga nchini Kongo, ni miongoni mwa yanayotamaniwa sana. Uzuri huo una historia ambayo haifai kusahauliwa.

Madini ya Shinkolobwe yaligunduliwa mwaka 1915. Kampuni ya Kibelgiji ya Union Minière iliyachimba ili kupata radiamu, iliyokuwa na bei kubwa kupita dhahabu. Mwaka 1940 zaidi ya tani 1,000 za madini hayo zilipelekwa New York, na sehemu kubwa ya urani ya bomu lililoangamiza Hiroshima, tarehe 6 Agosti 1945, ilitoka huko. Ukoloni ulipokoma mwaka 1960, mashimo yalizibwa kwa zege. Faida ilikwenda Brussels. Vifusi vikabaki Katanga.

Lakini zege halizuii njaa. Mwishoni mwa miaka ya 1990 maelfu ya wachimbaji wadogo waliingia humo kutafuta kobalti. Serikali ya Kongo iliufunga mgodi kwa amri mwezi Januari 2004. Hata hivyo, Julai mwaka huo sehemu yake iliporomoka na kuua watu wasiopungua wanane.

Ieleweke, basi, kwamba jiwe moja lina hatari mbili zisizolingana. Mkusanyaji mwenye elimu hulipima mionzi, hulihifadhi mbali na chumba cha kulala, na hunawa mikono kila alishikapo. Mchimbaji hana kipimo wala kinyago. Adui yake mkubwa ni vumbi analolivuta na kulimeza, pamoja na gesi ya radoni, isiyo na rangi wala harufu, ambayo hujikusanya mahali pasipopitisha hewa na huweza kuleta saratani ya mapafu.

Jambo hili si la Wakongo peke yao. Katika Milima ya Uluguru, mkoani Morogoro, ndiko yalikopatikana madini ya urani yaliyotangazwa kwa wataalamu mwaka 1906 na kupewa jina la rutherfordini, kwa heshima ya mwanasayansi Ernest Rutherford. Mwanafunzi anayeokota jiwe geni na kumpelekea mwalimu wake hana kosa, kwani udadisi ndio mwanzo wa elimu. Kosa ni la mtu mzima anayelitia kabatini bila kuuliza lilikotoka wala lilivyo. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Jiwe la urani lisilo na daftari huweza kupotea pamoja na afya za watu.

Kwa hiyo kila shule yenye mkusanyiko wa mawe haina budi kuandika jina la kila jiwe na mahali lilikotoka. Lenye kutiliwa shaka lisipondwe, lisilambwe, wala lisipitishwe mikononi mwa watoto. Litengwe, na Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania iarifiwe ili lipimwe. Maofisa wa madini na forodha nao wasilione jiwe la namna hiyo kuwa zawadi ndogo ya msafiri. Ni mali ya taifa, tena yenye madhara, na haipasi kuvuka mpaka bila kibali.

Hakuna anayekataza elimu ya miamba. Bila elimu hiyo hatari yenyewe isingejulikana. Kinachopaswa kukataliwa ni biashara ya mawe yatokayo katika mashimo yaliyofungwa. Kila fedha inayolipwa kwa jiwe la namna hiyo ni wito kwa maskini mmoja arudi shimoni, na pambo la sebuleni halistahili kununuliwa kwa mapafu ya binadamu.