MASTAA NA KILIMANJARO: JAKETI LA PICHA SIYO JAKETI LA BARIDI

Kila ikikaribia tarehe 9 Desemba, Instagram inajaa mlima. Makundi ya Watanzania yanapanda Kilimanjaro kuadhimisha Uhuru, na siku hizi mastaa nao hawabaki nyuma. Tangu 2022 intaneti imefika huko juu, kwa hiyo mtu anaposti akiwa bado njiani, hasubiri kurudi Moshi. Hilo ni jambo zuri sana. Mlima ni wetu, halafu kwa miaka mingi ulionekana kama ni wa wazungu tu. Tatizo liko kwenye mavazi.

Kuna staa mmoja wa Bongo Fleva, jina kubwa tu, alipanda akiwa na hudi nzito ya pamba, jinzi na pafa jekundu linalong'aa. Picha zilikuwa kali, hakuna ubishi. Ambacho hakikupostiwa ni kwamba kileleni hakufika. Hudi ililowa jasho na manyunyu ya msituni tangu siku ya kwanza, pafa nalo likanyonya maji, na huko juu usiku akawa anatetemeka mpaka anashindwa kufunga zipu mwenyewe. Jaketi la bluu alilolivaa kwenye picha yake ya mwisho halikuwa lake. Lilikuwa la mpagazi. Wapagazi wanaongea, na stori ikatangulia mjini kabla yake.

Sasa swali: hao vijana waliokuwa wanakomenti "pamba kali broo, link ya jaketi" na wao wanajiandaa kwenda na nini?

Mtaani pamba ni sifa. Ukiambiwa umepiga pamba, umependeza. Mlimani pamba ni balaa. Kitambaa cha pamba kinanyonya jasho na kinakaa nalo. Ukiwa unatembea huoni shida maana mwili unachemka. Ukisimama dakika kumi kupiga picha, ule unyevu unaanza kuvuta joto la mwili wako kwenda nje. Hapo ndipo mtu anaanza kutetemeka, vidole vinagoma, maneno yanaanza kumkwama. Huo siyo uchovu wa kawaida, ni mwili unapoteza joto, na watu wanakufa kwa hilo.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Joto hushuka kama nyuzi 6 hivi kila ukipanda mita 1,000. Moshi mjini ni chini ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, kilele cha Uhuru ni mita 5,895. Yaani unaweza kuondoka Moshi unapepea na daftari, ukafika juu ukakuta barafu. Na safari ya kileleni wengi wanaianza usiku wa manane, mida ya saa sita, baridi na upepo vikiwa kwenye ubora wao. Nguo moja haiwezi kukubeba kuanzia msitu wa mvua mpaka kwenye barafu, hata iwe ya bei gani.

Ndiyo maana wanaojua wanavaa kwa tabaka. La kwanza linagusa ngozi: fulana ya mikono mirefu ya poliesta au sufu laini, kazi yake kutoa jasho mwilini. La pili ni flisi, kazi yake kutunza joto. La tatu linapambana na upepo na manyunyu. Hapo kwenye la tatu ndipo watu wengi wanapigwa, na ndipo jaketi la softisheli linapostahili heshima ambayo mastaa hawajalipa.

Softisheli ni jaketi la kitambaa kilichoshikana, kinachovutika, mara nyingi kina manyoya mepesi kwa ndani. Halivimbi kama pafa, halipigi kelele kama koti la mvua. Linakata upepo, linahimili manyunyu, na kubwa kuliko yote linapumua: mvuke wa jasho unapata njia ya kutoka. Kwenye picha linaonekana la kawaida sana. Labda ndiyo maana hakuna anayeomba link.

Mrembo mmoja mwenye duka la mtandaoni aliwahi kutangaza "jaketi za Kilimanjaro" zilizokuwa makoti ya plastiki yenye kofia. Maji hayapiti, kweli. Ila na jasho nalo halitoki. Ukipanda nalo saa mbili unavua umelowa kama uliyetoka kuoga, halafu upepo unakusubiri. Kuuza koti la mvua siyo dhambi, kwani mvua ya msituni inalihitaji. Dhambi ni kumwambia mtu kwamba hilo peke yake linamfikisha kileleni.

Kuchagua softisheli hakuhitaji digrii. Weka kitambaa mdomoni upulize. Hewa ikipita kidogo kwa shida, hilo ni la kupumua zaidi, zuri kwa siku za kutembea. Isipopita kabisa, lina utando ndani: linazuia upepo vizuri, ila ukitembea kwa nguvu litakuchemsha, kwa hiyo hakikisha lina zipu za kwapani za kutolea joto. Lebo nyingine zina namba ya upumuaji, kama 10,000 au 20,000. Hizo ni gramu za mvuke zinazoweza kupita kwenye mita moja ya mraba ndani ya saa 24. Namba ikiwa kubwa, jasho linatoka vizuri zaidi.

Baada ya hapo dondosha maji juu yake. Yakikaa kama matone na kuteleza, dawa ya kufukuza maji bado ipo. Yakizama, dawa imeisha, lakini usilitupe: kuna dawa za kupuliza zinazoirudisha. Na ukilifua, usiweke ile dawa ya kulainisha nguo, inaharibu uwezo wa kitambaa kufukuza maji.

Lijaribu ukiwa umevaa flisi ndani. Inua mikono juu: likipanda mpaka kiunoni, ni fupi. Kumbatia hewa mbele: likibana mgongoni, ni dogo. Vijana wanapenda jaketi la kubana lichore kifua, ila mlimani ile hewa iliyotulia kati ya tabaka ndiyo inayokupa joto. Likiwa kubwa kama la kuazima kwa mjomba nalo halifai, upepo unaingia kwa chini. Kofia yake iweze kukaa juu ya kofia nyingine ya baridi.

Wapo watakaosema softisheli nalo ni mbwembwe tu, mbona wapagazi wamepanda miaka yote na masweta. Wamepanda, ndiyo. Wamepanda kwa sababu hawakuwa na kingine, na baadhi yao hawakurudi. Wanajiita wagumu, na kweli ni wagumu, lakini ugumu wa mtu hauzuii upepo. Mpaka leo kuna shirika pale Moshi, KPAP, linaloazimisha wapagazi nguo za baridi bila malipo. Lisingekuwepo kama sweta lingetosha.

Wengine watasema ni gharama. Jipya la kampuni kubwa ni gharama kweli. Ila mitumba ipo. Soko la Memorial pale Moshi, Karume kwa Dar, Gikomba kwa watu wa Nairobi, softisheli nzuri zinapita humo kila wiki na wanaozinunua wengi wanazivalia bodaboda. Moshi na Arusha kuna pia maduka ya kukodisha. Mwenye macho na dakika mbili za kupuliza kitambaa anatoka na kitu cha maana kwa hela kidogo kuliko pafa feki lenye nembo kubwa kifuani.

Na ieleweke, softisheli siyo muujiza. Mvua ikishuka ya kweli, vaa koti lisilopitisha maji juu yake. Usiku wa kileleni, ambapo mwendo ni pole pole na mwili hauchemki sana, ongeza jaketi nene la kujazwa, hata hilo hilo pafa, mradi lilikaa kavu ndani ya begi siku zote. Pafa la manyoya ya ndege likilowa linasinyaa na joto linaisha. Kwa hiyo kosa la yule staa halikuwa kuwa na pafa. Alilivaa siku isiyo yake, juu ya nguo isiyo yake.

Lakini kosa kubwa zaidi lilikuwa kukaa kimya. Alichukua jaketi la mtu anayebeba mizigo kwa ajili ya kulisha familia, mtu ambaye naye alilihitaji usiku ule ule, akapiga nalo picha akaandika "we made it". Hakumtaja. Hakusema alikosea nini. Angeposti hata sentensi moja, "wadau, msije na hudi ya pamba," angesaidia watu wengi kuliko nyimbo zake zote za mwaka huu. Na heshima isingepungua, ingeongezeka.

Staa akipanda mlima, mashabiki wanapanda naye kwa macho leo na kwa miguu kesho. Anayeonyesha jaketi la nje aonyeshe na alichovaa ndani. Na akirudi salama kwa nguo ya mpagazi, aanze kwa kumnunulia yule mpagazi jaketi jipya. Asilipige picha.

Desemba ndiyo hiyo inakuja. Staa gani unamjua anajiandaa kupanda na hudi? Mtag hapo chini aisome mapema.