Bunia: Kabla pikipiki za umeme hazijafika, tuulize betri zitachajiwa wapi

Kila mwenye ndugu Kampala au Kigali ameshatumiwa picha kwenye simu: pikipiki isiyopiga kelele, isiyonywa esanse, isiyobadilishwa oili. Na huku Bunia, ambako pikipiki ndiyo teksi, ndiyo ambulensi, na mara nyingi ndiyo inayobeba gunia la mihogo kutoka shambani, watu wanauliza: zitafika kwetu lini? Mimi naona hilo ni swali la pili. La kwanza ni hili: siku zitakapofika, moto utatoka wapi? (Sisi wenyewe tunasema "moto" kwa umeme, na "moto" kwa pikipiki. Lugha imeshaunganisha vitu ambavyo serikali bado haijaviunganisha.)

Pita boulevard de la Libération kutoka mwanzo hadi mwisho. Utaona vituo vya mafuta, utaona wauza-mafuta wa chupa tunaowaita Kadhafi, utaona mafundi wa matairi na maduka ya plake za jua. Kibao kinachosema "chaji gari yako hapa" hukioni. Na si ajabu. Umeme wa Bunia kwa miaka mingi umetegemea bwawa la Budana, kwenye mto Shari, katika wilaya ya Djugu. Bwawa hilo lilijengwa wakati wa ukoloni kwa ajili ya migodi ya dhahabu ya Kilo-Moto, si kwa ajili ya mji wenye watu wengi namna hii. Mashine zake zimezeeka na njia za nyaya zinapita katika sehemu ambazo vita imezigusa. Mkaaji wa Mudzipela au wa Bankoko hahitaji kuelezwa zaidi. Mwenye uwezo ananunua plake, mwenye duka anawasha jenereta, na wengine wanangoja.

Kuna wanaofikiria kuleta gari la umeme, hasa Nissan Leaf zilizotumika Japani ambazo bei yake imeshuka. Kwa hilo nitasema kwa ufupi. Leaf yenye betri ya kilowati-saa 40, ukiichomeka kwenye soketi ya kawaida ya nyumbani ya volti 220 na ampea 10, inapokea kilowati mbili na kidogo. Kuijaza kutoka sifuri kunachukua saa 18 hadi 20 za umeme usiokatika. Ni nani Bunia mwenye saa 20 za umeme usiokatika? Na ukitaka kuchaji haraka, Leaf hizo zinatumia plagi ya CHAdeMO ya Wajapani, magari yaliyotengenezwa kwa soko la China yanatumia GB/T, na ya Ulaya yanatumia CCS. Ni plagi tatu zisizoingiliana, katika mji usio na hata moja. Gari la umeme Bunia kwa sasa ni la mtu mwenye plake nyingi nyumbani na safari fupi. Lisitupotezee muda.

Pikipiki ni jambo jingine. Pikipiki ya umeme ya kubeba abiria inakula kilowati-saa 3 hadi 5 kwa kilomita 100. Ya esanse inakunywa karibu lita mbili, au mbili na nusu, kwa mwendo uleule. Ndugu msomaji, weka wewe mwenyewe bei ya esanse ya leo katika mtaa wako. Kwa mfano tu: lita ikiuzwa dola moja na nusu, kilomita 100 zinamla motari dola tatu au zaidi kidogo. Kilowati-saa ikiuzwa nusu dola, bei ambayo si ya rahisi hata kidogo, kilomita hizo zinamgharimu karibu dola mbili. Kwa mtu ambaye jioni lazima ampelekee mwenye pikipiki pesa ya siku kabla ya kufikiria watoto wake, dola moja inayobaki si mchezo.

Lakini hesabu hiyo inavunjika mara moja ukichajia jenereta. Lita moja ya mazutu katika jenereta ndogo inatoa kilowati-saa mbili na nusu hadi tatu. Kwa kilomita 100 utachoma lita moja na nusu, pengine karibu mbili, na bado hujalipa oili, vipuri na mtu wa kuilinda. Yaani umehamisha mafuta kutoka tangi la pikipiki kwenda tangi la jenereta, basi. Mtu akikuambia kwamba amefungua kituo cha kuchaji pikipiki na nyuma ya nyumba unasikia grupe inanguruma, ujue bei yake haiwezi kuwa nzuri kwa muda mrefu.

Njia inayotufaa tunaijua tayari, kwa sababu tunaitumia kwa simu. Ni mkaaji gani wa Bunia ambaye hajawahi kuacha simu kwenye kibanda cha kuchajia, akapewa kikaratasi chenye namba, akalipa faranga chache na kurudi baadaye? Huo ni uchajishaji wa umma. Kigali na Kampala wamefanya jambo linalofanana na hilo kwa pikipiki, ila wameondoa kungoja: motari anafika na betri iliyoisha, anaiacha, anabeba iliyojaa, anaondoka. Ni dakika chache tu. Kampuni ya Ampersand ilianza biashara hiyo Kigali mwaka 2019, na Kampala kuna kampuni kama Zembo na GOGO. Rwanda imefika mbali zaidi: tangu Januari 2025 pikipiki mpya ya kubeba abiria Kigali haiandikishwi kama si ya umeme.

Ubadilishaji wa betri unaifaa Bunia kwa sababu moja kubwa kuliko zote: betri zinazongoja kwenye rafu zinaweza kuchajiwa mchana, jua likiwa kali, bila kutegemea Budana. Tufanye hesabu ya kituo kidogo cha pikipiki 50, kila moja ikitembea kilomita 100 kwa siku. Zinahitaji karibu kilowati-saa 200, na ukiongeza unaopotea njiani, sema 230. Huku karibu na ikweta kilowati moja ya plake inatoa takriban kilowati-saa nne kwa siku ya kawaida. Kwa hiyo ni plake za kilowati 58 hivi, yaani plake 115 za wati 500, na paa la mita za mraba karibu 280. Paa la namna hiyo lipo Bunia. Shule inalo, parokia inalo, depo za wafanyabiashara zinalo. Siku za mvua zitapunguza, ndiyo, na pesa ya kuanzia si ndogo. Lakini hakuna barabara yoyote inayoweza kufungwa ili kulizuia jua kufika.

Hapo ndipo watu wengi wanaposimama na kupiga makofi. Mimi hapo ndipo ninapoanza kuwa na wasiwasi.

Motari wa Bunia leo, esanse ikiwa ghali kwa Kadhafi huyu, anavuka barabara na kwenda kwa yule. Pikipiki yake haimjui muuzaji. Katika mfumo wa kubadilisha betri mambo ni tofauti. Betri ya kampuni moja kwa kawaida haiingii katika pikipiki ya nyingine: umbo si moja, plagi si moja, na programu ya ndani inakataa. Mara nyingi motari hata hamiliki betri, anailipia kila anapobadilisha. Maana yake, aliyemuuzia pikipiki kwa mkopo ndiye pekee anayeweza kumuuzia moto. Akipandisha bei, motari atakwenda wapi? Akifunga kituo kwa sababu ya vita, deni au kodi, pikipiki inabaki chuma cha kuegeshwa uani, na deni la mkopo linaendelea kuhesabiwa. Kigali vituo ni vingi na mji una utulivu. Sisi tutaanza na kituo kimoja au viwili, katika jimbo lililo chini ya utawala wa dharura tangu Mei 2021. Hatari kwetu si sawa na kwao.

Kuna na jambo la bei iliyofichika. Kituo kikitoza kwa "betri moja", motari anayepewa betri iliyochoka analipa sawasawa na aliyepewa mpya, lakini atatembea kilomita chache. Ni kama kununua esanse kwa chupa bila kujua chupa ina ujazo gani, na sisi wa Bunia chupa hizo tunazijua vizuri. Dawa ni kutoza kwa kilowati-saa: mashine inapima moto uliobaki katika betri unayoirudisha na ule ulio katika betri unayopewa, unalipa tofauti. Teknolojia hiyo ipo. Kinachokosekana ni mtu wa kuidai.

Anayepaswa kuidai ni nani? Sheria namba 14/011 ya Juni 2014 iliufungua umeme wa Congo kwa wawekezaji binafsi, na kuna ARE, mamlaka ya kusimamia sekta ya umeme. Lakini Kinshasa ni mbali, na kibanda cha kubadilishia betri karibu na soko kuu la Bunia hakitakuwa cha kwanza kwenye meza yao. Meya wa mji na gavana wa jimbo wana kitu kimoja mkononi: ardhi, kibali cha kufungua na kodi za hapa. Watumie hivyo. Anayetaka kibali aandike bei yake kwa kilowati-saa ukutani, kwa herufi ambazo motari anazisoma akiwa juu ya pikipiki. Akubali kwamba motari aliyemaliza mkopo anaweza kununua betri na kuichaji popote, hata kwenye plake za nyumbani kwake. Na kampuni ya pili itakapokuja, betri za hizo mbili ziingiliane, au isipewe nafasi. Kwa kubadilishana, serikali ya jimbo iwapunguzie kodi ndogondogo zile za kila ofisi na kila kizuizi. Kenya ilifanya lake mwaka 2023: msimamizi wa nishati aliweka bei maalumu ya umeme wa kuchajia vyombo vya usafiri, na saa za usiku ikawa nusu. Sisi hatuna umeme wa kuuza nusu bei usiku. Lakini kuweka kanuni mapema hakuhitaji megawati hata moja.

Najua jibu litakalokuja: watu wanauawa Djugu na Irumu, wakimbizi wamejaa kambini, na wewe unazungumzia betri? Ndiyo. Esanse yetu inatoka upande wa Uganda, kwa Mahagi na kwa ziwa Albert. Kila mara barabara namba 27 inapokatwa na watu wenye silaha, bei inapanda mjini siku hiyohiyo, na nauli inaifuata, na mgonjwa wa Dele anayepaswa kufika hospitali analipa zaidi. Moto unaotoka kwenye paa la mtaa wa Lumumba haupiti kizuizi chochote. Pikipiki za kwenda Mongbwalu au Komanda zitabaki na esanse kwa muda mrefu bado, kwa sababu betri inaisha baada ya kilomita 60 au 80 na huko hakuna pa kuibadilisha. Lakini safari za ndani ya mji, kutoka Saio hadi soko kuu, kutoka Mudzipela hadi hospitali, ziko ndani ya uwezo wake kabisa.

Na Kadhafi wetu? Wengi ni vijana wenye familia. Wao tayari wanajua kona zenye wateja, saa za wateja na nani analipa kesho. Kituo chenye akili kitawaajiri kwanza wao, kiweke rafu ya betri mahali penye meza yao ya chupa.

Wengine watasema kwamba sisi ndio tunaotoa kobalti, zaidi ya nusu ya ile ya dunia nzima, kwa hiyo betri ni haki yetu. Inapendeza kuisema kwenye mkutano. Lakini kobalti inatoka Lualaba na Haut-Katanga, si Ituri, na betri za bei nafuu zinazopendwa sasa kwa pikipiki, zile za LFP, hazina kobalti ndani. Haki hiyo haitamchajia mtu pikipiki.

Mwezi wa Julai 2023 kampuni ya Nuru, iliyojenga kituo cha jua cha megawati 1.3 Goma mwaka 2020, ilitangaza kwamba imepata zaidi ya dola milioni 40, na Bunia ilitajwa pamoja na Goma na Kindu katika miradi yake. Umeme wa namna hiyo ukienea mjini, wauza-betri hawatachelewa kuufuata. Barua yao ya kuomba kibali itapita kwenye ofisi ya meya. Ofisi hiyo inaweza kuandaa masharti yake mwezi huu, ikiwaita mezani chama cha wamotari, wenye vituo vya mafuta na mafundi wa plake wa boulevard, wakati bado hakuna mtu aliyesaini mkopo.